Alichosema Adriano

Katika video ya harusi ya Vumilia kuna mahali ambapo kaka yake, Adriano, anasimama kutoa hotuba huku ameshika chupa tupu ya soda kama kipaza sauti. Anafungua mdomo, na kinachotoka ni gitaa. Mpiga video, fundi mmoja aliyevuka mpaka kutoka Ngara, Tanzania, aliona harusi bila muziki ni kama chai bila sukari, akafunika kila sauti kwa gitaa na kinanda kuanzia kanisani mpaka kwenye keki. Basi Adriano anaongea gitaa. Ananyoosha kidole upande wa jikoni, watu wanaangua kicheko, mwanamke mmoja anamwegemea mwenzake asianguke. Kisha anakunja mikono kifuani, anatazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayeangalia saa, ilhali saa hana, na watu wanacheka upya.

Waliocheka walikuwa wengi. Aliyekosa ni mmoja: mama yao, Jeska, ambaye dakika hizo alikuwa huko huko jikoni, katikati ya moshi, akigeuza wali.

"Alisema nini?" aliuliza jioni ile ile, na hakuacha kuuliza miaka yote iliyofuata.

Majibu aliyapata, tena mengi mno. Nazario, mdogo wa marehemu mumewe, alisema ilikuwa habari ya mbuzi. Prosper, bwana harusi mwenyewe, aliapa ilikuwa habari ya mahari. Jirani mmoja alisema Adriano aliimba. Vumilia hakusikia chochote. Siku hiyo moyo ulikuwa ukimdunda hadi masikioni, asingesikia hata paa likianguka. Na Adriano, kila mama yake alipombana, alijibu kwa uso mkavu: "Muulize mpiga video, mama. Mimi nilikuwa napiga gitaa."

Halafu Adriano akafa. Ugonjwa mfupi, mazishi ya mvua, na watu wakarudi mashambani. Hakuacha sauti yake popote. Simu kubwa hakuzipenda; alikuwa na kitochi kilichofungwa kwa mpira, na akitumiwa salamu za sauti kwenye simu ya mtu mwingine alikuwa akisema, "Huyo kama ananitaka, aje." Kwa hiyo mwaka ulipokaribia kuisha, na familia ilipopanga siku ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa matanga, Jeska alimpigia Vumilia kutoka Muyinga na kumwomba kitu kimoja tu.

"Niletee ile video. Nataka nimwone akichekesha watu, mbele ya watu. Hata kama anaongea gitaa. Na watakaokuja ni wale wale wa siku ile. Wakimwona, labda yupo atakayekumbuka kweli alisema nini."

"Sawa, mama."

"Siku hiyo, Vumilia. Si nyingine. Baada ya hapo tutakuwa tumeganduka, kila mtu ataenda zake, na mimi itabidi niache kuuliza."

Vumilia alikata simu akabaki ameishika. Alikuwa mshonaji katika soko la Gitega, na siku hiyo gauni la mteja alilishona mkono mmoja ndani nje.

Disiki ya harusi ilikuwepo, imelala ndani ya kitambaa katika sanduku la nguo. Mashine ya kuichezesha ndiyo ilikuwa imekufa zamani. Na hata ingekuwa hai, sherehe ingefanyika kwa Nazario, na Nazario alikuwa na televisheni ya umeme wa jua isiyojua disiki wala nyaya. Ilijua flashi tu.

"Hilo ni jambo dogo," alisema Prosper, ambaye alikuwa mwalimu wa jiografia na kwake karibu kila jambo lilikuwa dogo. Shuleni kulikuwa na kompyuta moja ya kizamani yenye mdomo wa disiki. Alirudi nyumbani na video ikiwa ndani ya laptopu yake, ile ambayo mwaka uliopita ilimwagiwa chai na tangu hapo ilikuwa bubu, haitoi hata mlio wa kuwaka. Akaitia video kwenye flashi, akaichomeka kwenye televisheni yao. Skrini ikaandika kwa Kifaransa kwamba aina hiyo ya faili haiijui.

"Ngoja," Prosper akasema. "Naona jina linaishia na VOB. Televisheni inataka MP4." Akafuta herufi zile, akaandika MP4, akachomeka tena huku akipiga mluzi.

Televisheni ikarudia maneno yale yale.

"Ina kiburi," alisema Prosper.

"Si kiburi," Vumilia akamjibu. "Mbuzi ukimwita ng'ombe, utamkamua lita ngapi? Kesho naenda kwa Kassimu."

Kassimu alikuwa na chumba kidogo nyuma ya maduka ya vitambaa, ambapo aliwatilia watu nyimbo na mahubiri kwenye flashi, akakarabati redio, na kuongea. Kuongea ndiko alikokuweka mbele. Mke wake, Kulthumu, aliuza sambusa mlangoni na kumsahihisha mumewe kupitia dirishani.

"Karibu, dada Vumilia! Karibu, professeur! Iko shida gani?"

Wakamweleza. Kassimu alifungua laptopu ya Prosper, akaona ile MP4 yake, akacheka mpaka akafuta macho.

"Nani amefanya hii?"

Prosper akatazama dari.

"Bon. Sikiliza, professeur. Video iko kama gunia. Ndani kuna picha na sauti, vimefungwa pamoja. We umechukua gunia la mihogo, ukaandika juu yake mchele. Televizyo imefungua, imekuta mihogo. Mi sasa nitamwaga gunia, nikoboe, nifunge upya."

Akaihamishia video kwenye kompyuta yake, akabonyeza, na katikati ya skrini ikatokea picha ya nanasi kando ya glasi ya kinywaji.

"Hilo nanasi la nini?" Vumilia akauliza.

"Ndiyo programu yenyewe, dada. HandBrake. Ya bure kabisa! Watu wameitengeneza, wameitoa hivi hivi, kila mutu atumie. Mi nilifikiri ni mutego, nikangoja siku waje kunidai. Mpaka leo bado."

"Na nanasi?"

"Sijui. Labda wanapenda nanasi. Nani hapendi?"

Akaivuta video ndani ya programu, na mistari ya maandishi ikajipanga. Kassimu alikuwa akieleza huku vidole vikienda: hapa unachagua aina ya faili, hapa ukubwa, hapa namna ya kubana picha. "Mi nachagua H.265, ile mpya. Inabana muzuri sana, video inakuwa nyepesi kama karatasi." Akafungua sehemu ya sauti. "Hapa, uone, sauti iko mistari mbili. Nafuta ya chini, nabakiza ya juu."

"Ya chini ni ya nini?" Vumilia akauliza.

"Takataka. Filamu zote watu wananiletea, mustari wa pili ni luga ya watu wengine. Kichina, sijui Kihindi. Inajaza nafasi tu."

"Na harusi ya Muyinga nayo ina Kichina?" Kulthumu akauliza kutoka dirishani.

"We Kulthumu, uza sambusa."

"Ninauza. Nauliza tu kama unasikiliza kabla ya kufuta."

"Nikisikiliza kila kitu, mi nitakula saa ngapi?"

"Ungekula sasa hivi, sambusa ziko hapa. Ila wewe unapenda kufuta."

Kassimu akapeperusha mkono kama anayefukuza nzi, akabonyeza kitufe cha kuanza, na ukanda wa kijani ukaanza kutambaa. Wakati ukitambaa walikula sambusa. Kassimu akaiweka programu ile pia kwenye laptopu ya Prosper, akaipanga kama ya kwake, akamwonyesha Vumilia pa kubonyeza, akamfanya arudie mwenyewe. "Ni ya bure, dada, kwa nini ubakie nayo kwangu? Ukifika nyumbani, hata harusi ya jirani utageuza. Ila mimi utaniletea nanasi la kweli."

Jioni, nyumbani, video ilicheza bila wasiwasi. Kanisa lilitokea, shela ilitokea, na Adriano akasimama na chupa yake. Vumilia alikuwa amesahau kwamba shati lile alilishona yeye, na kwamba kola ilikuwa imepinda. Adriano aliongea gitaa. Aliangalia saa ambayo hakuwa nayo. Prosper akacheka, na baada ya kitambo Vumilia pia, ingawa ilibidi aende kuangalia sufuria isiyokuwa na kitu.

Siku ya Ijumaa walielekea Muyinga. Esansi ya magari ilikuwa adimu wiki hiyo, kwa hiyo walisafiri na mtu aliyekuwa akipeleka milango ya chuma, Prosper nyuma akiwa ameukumbatia mlango mmoja njia nzima kama jamaa yake, kupitia Karuzi, mpaka kwa Nazario. Jeska aliwapokea uani. Alikuwa amekonda kidogo tangu mazishi, ila sauti ilikuwa ile ile.

"Umeileta?"

"Nimeileta, mama."

"Haya, kuleni kwanza."

Nazario hakuweza kungoja. Yeye ndiye angekuwa msemaji wa familia kesho yake, yule anayesimama mwisho, kushukuru watu na kutoa ruhusa ya kunywa. Kabla ya neno lake hakuna anayegusa chupa. Kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa amenyoa ndevu na kuwa mkali. Akachomeka flashi.

Gitaa likalia vizuri, likajaza nyumba. Skrini ikabaki nyeusi.

Walingoja. Nazario akaipiga televisheni ubavuni kwa heshima. Gitaa likaendelea, weusi ukaendelea, kisha yakaja maandishi ya Kifaransa, ambayo Prosper aliyasoma kwa sauti ya chini: picha za namna ile televisheni hii haizifahamu.

"Kwa hiyo kesho," alisema Nazario, "tutaalika watu kuja kutazama giza."

Jeska alichukua ungo wake akatoka nje. Vumilia angependa mama yake agombe.

Akampigia Kassimu. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda, na sauti ya Kassimu ilifika vipande vipande.

"Hiyo televizyo ni muzee, dada! Haijui H.265! Chagua H.264, ile ya zamani! Gunia lile lile, ni kukoboa tu ndiyo tofauti. Laptopu unayo?"

"Ninayo!"

"Basi fanya kama nilikuonyesha! Na ile sauti ya chini, usisahau ku..." Mtandao ukamkata.

Umeme wa gridi ulikuwa umeondoka tangu asubuhi. Ule wa jua wa Nazario uliwasha taa na televisheni, ila waya wa laptopu haukuwa na pa kuingia. Betri ilikuwa imebaki chini ya nusu. Vumilia aliketi kwenye kizingiti, laptopu magotini, akabonyeza nanasi. Prosper alisimama nyuma yake akipumua.

"Usinipumulie."

"Nakusaidia."

"Nisaidie kule."

Alivuta ndani video ile ya mwanzo, iliyotoka kwenye disiki. Mistari ikajipanga, kama kule kwa Kassimu. Akatafuta H.265, akaibadilisha kuwa H.264, moyo ukatulia kidogo. Akafungua sehemu ya sauti. Mistari miwili, mmoja juu, mmoja chini, na kila mmoja na alama yake ndogo ya kufutia. Alipeleka kidole kwenye ule wa chini. Lakini laptopu ile, tangu ile chai, ilikuwa na mshale unaorukaruka kama kuku aliyekanyaga jivu la moto. Akabonyeza. Mstari mmoja ukatoweka, ukabaki mmoja, na huo uliobaki ukajisogeza juu.

Mmoja ndio aliotaka ubaki. Akabonyeza kuanza, ukanda wa kijani ukatokea, akashusha pumzi.

Ndipo alipoisoma vizuri. Mwanzoni mwa mstari uliobaki palikuwa na tarakimu, na tarakimu ilikuwa mbili.

Alitazama tarakimu, akatazama betri. Kuanza upya kungemaliza betri kabla ya ukanda kufika mwisho. Hilo halikuhitaji mwalimu wa jiografia. Akampigia Kassimu. Simu yake ilikuwa haipatikani. Akampigia tena. Bado.

"Prosper," akaita polepole. "Njoo unipumulie."

Akamweleza. Prosper akajaribu kusikiliza, akainamisha sikio juu ya laptopu, mpaka akakumbuka kwamba ni bubu. "Haiwezi kuwa Kichina," alisema. "Fundi yule hakujua hata Kifaransa."

"Labda haina sauti yoyote."

"Basi Adriano atakuwa kimya. Kimya na gitaa, tofauti ni nini? Gitaa nitapiga mimi kwa mdomo."

Vumilia alitaka kukasirika, akacheka, halafu akakaa tu kutazama ukanda wa kijani ukitambaa kwenda kulia. Ulifika mwisho betri ikiwa inapepesa nyekundu. Alihamishia faili kwenye flashi, na laptopu ikazimika mkononi mwake, kazi ikiwa imekwisha.

Alikimbia ndani kuijaribu. Nazario alikuwa amesimama mbele ya televisheni kama askari wa lango.

"Hapana. Mawingu yameziba tangu saa sita, betri ya jua haijashiba. Mmelisikiliza giza lenu, mmenimalizia umeme. Kesho mbele ya watu ndipo itawaka."

"Baba mdogo, dakika moja tu."

"Kesho, mwanangu. Ikikataa, nitahutubia mimi. Nina maneno mengi."

Hilo nalo lilikuwa tishio.

Watu walianza kufika baada ya misa. Wengi walikuwa wale wa Tanzania, waliokulia katika kambi za wakimbizi na kurudi pamoja, na walipoona mtu wa zamani walipiga kelele kana kwamba hawakuonana Jumapili iliyopita. Makreti ya bia na fanta yalipangwa chini ya turubai, mitungi ya mbege, pombe ya ndizi, pembeni, na hakuna aliyegusa. Televisheni iliwekwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe, na Vumilia akaona kwamba inafanana na altare, akakiondoa. Mbele kabisa aliweka kiti cha mama yake, kile cha mikono, na kukitandikia mto. Jeska akakaa, akiwa na kitenge kipya, mikono magotini kama mtoto anayepigwa picha.

Wakaongea walioongea. Mmoja alieleza jinsi Adriano alivyotangaza mpira kijijini akiwa juu ya mti wa parachichi, mpaka tawi likavunjika na akaendelea kutangaza akiwa chini. Mwingine alieleza vizuri akaharibu kwa kulia. Mvua ilionyesha nia, ikaacha. Kisha Nazario akamwashiria Vumilia, na Vumilia akatembea na flashi mkononi kama anayebeba yai.

Alipoichomeka aligeuka kumtazama mama yake. Kiti kilikuwa na mto tu.

"Yuko wapi mama?"

"Amekwenda jikoni," akajibu mwanamke mmoja. "Amesema amesikia harufu ya wali, waliowekwa pale hawajui moto."

"Mwiteni!"

Lakini Nazario, mwenye betri yake, alikuwa amekwisha bonyeza.

Picha ikatokea, angavu. Watu wakasema "aaah" kwa pamoja. Kanisa, mlango, shela. Na gitaa halikuwepo. Vumilia alisubiri kimya alichokiogopa, badala yake akasikia mtu akikohoa. Mtoto akalia. Viti vikakwaruza. Kengele ya kanisa ililia, ya mbali na ndogo, na mwanamke asiyeonekana akasema wazi kabisa, "Sogea, unanikanyaga." Chini ya turubai mwanamke yule yule, akiwa na mvi sasa, akashika mdomo.

Ilikuwa ni harusi yenyewe. Fundi wa Ngara alikuwa ameiweka kwenye mstari wa pili, chini ya muziki wake, na hakumwambia mtu, au alisema na hakuna aliyeelewa. Na miaka yote hiyo ilikuwa imelala ndani ya disiki, ndani ya kitambaa, ndani ya sanduku.

Nazario mwenyewe alikuwa amesahau kufunga mdomo. Vumilia alishika ukingo wa meza, kwa sababu alijua kinachofuata. Picha ikahamia mezani. Adriano akasimama, akavuta shati lenye kola iliyopinda, akainua chupa tupu.

"Hallo, hallo," alisema Adriano. "Moja, mbili. Kipaza sauti hiki kina harufu ya fanta."

Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko Vumilia alivyoikumbuka. Mwaka mzima alikuwa akiikumbuka vibaya.

"Nimeambiwa niseme machache, nitasema mengi. Prosper, shemeji yangu, karibu. Dada yangu ni mtu mwema. Ila ukiona amenyamaza, usishukuru. Kimbia." Watu wakacheka kwenye televisheni na chini ya turubai, vicheko viwili, kimoja cha zamani na kimoja cha sasa. "Sasa, nina jambo. Mnakiona kiti kile cha mbele, chenye kitambaa? Ni cha mama yangu. Kiko tupu. Mnajua kwa nini? Huyu mama alitubeba kutoka hapa mpaka Tanzania, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Akatulea, akaturudisha wote wazima. Mto hakuuogopa, njaa hakuiogopa. Lakini kumwachia mtu mwingine sufuria ya wali, hilo hawezi!"

Kidole kikanyooka kuelekea jikoni. Kicheko kikapasuka, na yule mwanamke akamwegemea mwenzake.

"Siendelei mpaka aje akae," Adriano akasema. Akaweka mikono mdomoni, akaita kwa nguvu zote. "Mama! Mama weee! Njoo ukae!"

Na kutoka jikoni, nyuma ya nyumba ya Nazario, kwenye moshi, sauti ikajibu bila kufikiri, kama ilivyojibu maisha yake yote:

"Nakuja!"

Mara ile ile, kutoka ndani ya televisheni, sauti ile ile, changa kidogo, nayo ikajibu: "Nakuja! Wali unaungua!"

Kitu kikaanguka jikoni, kifuniko au bakuli. Kisha Jeska akatokea pembeni mwa nyumba, mwiko mkononi, kitenge kipya kina jivu, akiangaza macho huku na huku kama anayemtafuta mtu kwenye kundi la watu.

Kwenye skrini Adriano alikuwa amekunja mikono. Anangoja. Alitazama saa ambayo hakuwa nayo, akatikisa kichwa, na hapo kila aliyejiuliza miaka yote akaona kwamba hapakuwa na mbuzi, wala mahari, wala wimbo.

Hakuna aliyemwonyesha njia. Watu walisogeza miguu tu, na Jeska akapita katikati yao mpaka kwenye kiti cha mikono. Akauondoa mto, kwa sababu hakuupenda tangu mwanzo, akakaa, akaulaza mwiko mapajani.

"Haya, baba," akamwambia mwanawe. "Nimekaa. Sema."

Adriano aliinua uso, akacheka kile kicheko chake mwenyewe, cha upande mmoja. "Haya basi," alisema. "Atakuja tu. Ninyi msife kiu kwa ajili yake. Kunyweni!"

Nazario, aliyekuwa na hotuba ndefu mfukoni, alisimama, akawatazama watu, akaitazama televisheni, na akakaa. Ruhusa ilikuwa imeshatolewa. Mtu mmoja akafungua chupa, kisha wa pili, kisha kote, na mbege ikaanza kuzunguka, na watu waliokuwa wakilia walikuwa wakilia huku wanakunywa.

Vumilia alichuchumaa kando ya kiti, akamnong'oneza sehemu aliyoikosa akiwa jikoni, ile ya sufuria ya wali. Mama yake hakuwa akilia. Alikuwa akitazama skrini, ambako sasa keki ilikuwa inakatwa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta jibu zuri, akachelewa kulipata.

"Eti hilo siwezi," alisema hatimaye. "Mshenzi huyu." Akampa Vumilia mwiko. "Mwambie shemeji yangu airudishe nyuma. Pale anaponiita."

Nazario aliirudisha, na hakusema neno juu ya betri. Waliitazama tena, na tena, mpaka televisheni ikaanza kufifia, na kila Adriano alipoita, Jeska alijibu kutoka kwenye kiti chake kwamba ameshafika.

Wali uliungua. Ulikuwa wa kwanza kumwungulia Jeska mikononi, na watu waliula wote, mpaka ukoko.